Ramani gani ya simu kwa safari ya pikipiki kando ya ziwa: mwongozo kwa wanaoanzia Mwanza

Swali ni lile lile, maneno tu ndiyo yanayobadilika. "Kaka, nina pikipiki, nina siku mbili, nataka kuzunguka ziwa kidogo. Nipakue programu gani?" Mwingine ametoka Dar na anaamini barabara ya Musoma inapita ufukweni mwanzo hadi mwisho. Mwingine ameshapakua programu saba na zote zinamwonyesha njia moja, ile ya mabasi.

Jibu fupi ni kwamba hakuna programu moja inayotosha. Unahitaji moja ya kuchorea njia, moja ya kukuongoza mtandao ukikatika, na moja ya kukagulia unachokwenda kukuta. Na kabla hujaiamini hata moja, ipime kwa njia za huku kwetu ambazo majibu yake tayari tunayajua. Hapo kwenye kupima ndipo wengi wanaruka, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Elewa jambo moja kabla hatujaanza. Programu maarufu za kutafutia pikipiki njia nzuri, kama Kurviger na calimoto, zimetengenezwa Ujerumani, na kipimo chao cha uzuri ni kona. Huko milimani kwao kona na mandhari huenda pamoja. Kwetu uzuri ni maji na mawe. Karibu na Lamadi barabara inaweza kunyooka kama uzi, huku Ghuba ya Speke ikiwa upande mmoja na Serengeti upande wa pili. Njia yenye kona nyingi, kwa upande mwingine, inaweza kuwa kichochoro kinachopanda mlima katikati ya nyumba za watu Mabatini. Programu haijui tofauti hiyo. Wewe ndiye unayeijua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye GPS na nafasi ya kutosha kuhifadhi ramani. Futa video za zamani kwanza.
- Wi-Fi au bando la kutosha la kupakulia ramani ukiwa nyumbani. Usitegemee kupakua ukiwa njiani.
- Holda imara ya simu, na chaja inayounganishwa na betri ya pikipiki. Kama huna chaja, beba pawa benki iliyojaa.
- Kifaa cha sikioni cha sikio moja, ili usikie maelekezo bila kuangalia kioo.
- Karatasi na kalamu. Utaona kwa nini.
- Kompyuta, kama unaweza kuazima. Kuchora njia kwenye kioo kikubwa ni rahisi mara nyingi zaidi.

Kofia ngumu, leseni na bima sivielezi hapa. Kama huna, safari haijafika kwenye hatua ya ramani.

Hatua kwa hatua

1. Andika unachotaka kuona, siyo unakotaka kufika

Chukua ile karatasi. Andika mambo matatu: unataka kuona nini (maji, mawe, mialo ya wavuvi, machweo), uko tayari kwa vumbi kiasi gani, na lazima uwe umerudi saa ngapi. Ukiandika "Musoma" peke yake, programu itakupa njia ya haraka ya Musoma, na itakuwa imefanya kazi yake vizuri. Ukiandika "nataka kula samaki mwaloni na kurudi kabla ya giza", utaanza kutafuta njia nyingine kabisa.

2. Pakua programu tatu tu

Hizi ndizo ninazompa anayeanza.

*Google Maps kwa kukagulia.* Inajua sheli, hoteli, maduka na namba za simu kuliko nyingine, na ina picha za setilaiti. Unaweza kuhifadhi eneo na kulitumia bila mtandao, lakini ukiwa hivyo hupati hali ya foleni, na ramani uliyohifadhi hufikia kikomo cha muda usipoisasisha. Udhaifu wake mkubwa kwetu ni kwamba haikubali ulete faili la njia yako mwenyewe ikuongoze kona kwa kona. Inapenda kukokotoa yenyewe.

*Organic Maps au OsmAnd kwa kukuongoza.* Zote mbili hutumia data ya OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na zote hufanya kazi bila mtandao. Organic Maps ni ya bure, haina matangazo, ni nyepesi, na mtu anaizoea kwa dakika 10. OsmAnd ni nzito kujifunza, na toleo lake la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazopakua, lakini ina mambo mawili ninayoyathamini sana. Inaweza kukuongoza kwa kufuata faili la njia uliyoichora, na inakuonyesha sehemu gani ya njia ni lami na sehemu gani ni udongo, kwa kadiri waliochora walivyoandika. Kama ni safari yako ya kwanza, chukua Organic Maps. Ukishaanza kutoka nje ya lami mara kwa mara, hamia OsmAnd.

*Kurviger kwa kuchorea.* Inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, na baadhi ya huduma zake hulipiwa. Sikushauri utumie kipengele chake cha kona kama ndicho kiongozi wako. Faida yake ni kwamba unaburuta mstari wa njia kwa kidole au kipanya unavyotaka, kisha unatoa faili la GPX (faili linalobeba njia uliyoichora) na kulipeleka kwenye OsmAnd.

Waze ni nzuri kwa foleni za mjini, lakini inahitaji mtandao muda wote na haikujengwa kwa ajili ya kupanga safari ya mandhari. Iache.

3. Zipime kwa maswali manne ya huku kwetu

Fungua kila programu na uiulize njia hizi. Andika majibu kwenye karatasi. Kazi yote haizidi nusu saa, na itakuambia zaidi kuliko nyota za kwenye duka la programu.

*Swali la kwanza: Mwanza mjini hadi Sengerema.* Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Kabla ya hapo ulikuwa unapanda kivuko. Programu yenye ramani mpya itakupitisha Usagara, Kigongo, darajani, Busisi. Ikikuchorea mistari ya nukta juu ya maji pale Kigongo, ujue ramani uliyonayo ni ya zamani. Isasishe. Ikikataa kubadilika hata baada ya kusasishwa, usiiamini kwa barabara nyingine yoyote mpya.

Hapo hapo jaribu kitu cha pili. Kivuko cha Kamanga bado kinatoka mjini kwenda ng'ambo, na ukishuka Kamanga unashika barabara ya Sengerema. Kwenda kwa Kamanga na kurudi kwa daraja ni mzunguko mzuri wa siku moja, maana unaliona ziwa kutoka chini ukiwa juu ya maji na kutoka juu ukiwa darajani. Je, programu inakubali ukiweka Kamanga kama kituo cha kati? Kama inakataa, nenda kwenye mipangilio. Mara nyingi mtu amewasha "epuka vivuko" bila kujua.

*Swali la pili: Mwanza hadi Arusha.* Huendi Arusha, unapima tu. Programu nyingi zitavutiwa na njia fupi inayoingia lango la Ndabaka na kukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Pikipiki haziruhusiwi humo. Njia ya mwendesha pikipiki ni ya Shinyanga, Nzega, Singida, Babati. Ukiona programu imekuchorea mstari ndani ya hifadhi, umejifunza somo kubwa: inapima kilomita, haijui sheria za lango. Kwa hiyo unapopanga safari ya Lamadi na Bunda, hakikisha kila mstari umebaki kwenye barabara kuu upande wa ziwa, na hakuna "njia ya mkato" upande wa mashariki.

*Swali la tatu: Mwanza hadi Nansio, Ukerewe.* Majibu sahihi ni mawili: meli kutoka Mwanza, au barabara ya Bunda hadi Kisorya kisha kivuko cha kwenda Rugezi. Kwa anayetaka mandhari, njia ya Kisorya ndiyo safari yenyewe, kwa sababu unaizunguka Ghuba ya Speke karibu yote. Angalia muda ambao programu inakupa. Nyingi zinahesabu kivuko kana kwamba kinakusubiri wewe ufike ndipo king'oe nanga. Hakisubiri. Tafuta ratiba siku moja kabla, na uongeze muda wa kusubiri mwenyewe.

*Swali la nne: Airport, Igombe, Kayenze, Nyanguge.* Hii ndiyo njia yangu ya kupimia kila programu mpya, na ndiyo ninayompa mgeni kama safari ya kwanza. Unatoka mjini kwa Kirumba na Pasiansi, unapita uwanja wa ndege, unaingia Igombe, unaendelea Kayenze, kisha unatokea Nyanguge kwenye barabara ya Musoma na kurudi mjini kwa Kisesa. Ukipenda unasimama Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Ukiomba njia ya Nyanguge bila kusema zaidi, kila programu itakupeleka kwa Igoma na Kisesa, kwa barabara kuu. Weka Kayenze kama kituo cha kati. Je, inaijua? Inaipata njia yote bila kuruka sehemu? Inakuambia sehemu ipi ni lami na ipi siyo? Programu ikishinda hapa, itakufaa kando ya ziwa lote.

Angalizo moja linalowaumiza wageni kila mara: Igoma na Igombe ni sehemu mbili tofauti. Igoma iko mashariki kwenye barabara ya Musoma, Igombe iko ufukweni kaskazini. Kuna mtu aliyekuja kutafuta ufukwe akajikuta kwenye stendi ya daladala, kwa sababu alikubali jina la kwanza lililotokea alipoanza kuandika.

4. Chora njia kwa vituo vichache vilivyowekwa mahali sahihi

Anza na mwanzo na mwisho, kisha ongeza vituo vya kati kuilazimisha programu ipite unapotaka. Google Maps inakubali vituo vichache tu kwa safari moja, kwa hiyo usivipoteze.

Usiweke kituo kwenye njia panda yenyewe. Kiweke mita mia kadhaa baada ya njia panda, kwenye barabara unayotaka kuingia. Ukikiweka kwenye makutano, kinaweza kuangukia upande usio wako, na programu itakuambia ugeuke, urudi, ugeuke tena. Na usiweke kituo kwenye duka, kanisa au ufukwe wenyewe kama huna nia ya kusimama hapo. Kiweke juu ya mstari wa barabara. Kuza ramani hadi uone barabara kwa unene wake, ndipo ubonyeze.

Kosa la wanaoanza ni kuweka vituo 20 kwa safari ya kilomita 80. Kila kituo utakachokikosa kitaifanya programu ikurudishe nyuma. Mzunguko wa Kayenze unahitaji vitatu tu: kimoja baada ya uwanja wa ndege, kimoja Kayenze, kimoja baada ya kuingia barabara kuu Nyanguge.

5. Ikague njia kwa picha za setilaiti

Hatua hii naipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokuambia kama kweli utaliona ziwa.

Washa picha za setilaiti na ufuate mstari wako polepole. Usiangalie tu kama barabara iko karibu na maji. Angalia kilicho katikati. Ukiona ukanda mpana wa kijani kibichi kati ya barabara na maji, hayo mara nyingi ni mafunjo na matete, na ukiwa juu ya pikipiki utaona majani tu. Ukiona mchanga mweupe au mitumbwi imepangwa kama punje, huo ni mwalo, na kwa kawaida kuna njia ya kushukia. Ukiona madoa ya kijivu yenye vivuli, hayo ni mawe yetu, na barabara inayopita juu yake kidogo huwa na mahali pazuri pa kusimama.

Lami huonekana nyeusi au kijivu na kingo zake zimenyooka. Vumbi letu huonekana jekundu au hudhurungi, na kingo zake hazieleweki. Ogopa zaidi rangi nyeusi ya udongo wa mbuga, ule mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata wakati wa mvua. Kwenye picha unaonekana bapa na mtulivu. Mvua za masika, Machi hadi Mei, au vuli, Oktoba hadi Desemba, zikiushika, tairi linajaa tope hadi linagoma kuzunguka chini ya madigadi. Hakuna programu itakayokuonya kuhusu hilo.

Kumbuka pia kwamba picha inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma. Rudi pale Kigongo: ukiona nguzo ziko majini na daraja halijakamilika, ujue unaangalia picha za kabla ya kuzinduliwa.

6. Panga saa kwa kufuata jua

Mwanza jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa moja na dakika chache, kutegemea mwezi, na giza halikawii. Muda ambao programu inakupa mara nyingi ni wa gari linalokwenda bila kusimama. Mimi huongeza nusu yake kwa barabara ya lami yenye matuta na rasta za vijijini, na kwenye vumbi naongeza mara mbili. Weka pia mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi katika hesabu yako, kwa sababu utapita mengi.

Halafu kuna mwelekeo. Ukirudi kutoka Bunda kuja Mwanza jioni, unaelekea magharibi na kusini, na jua linakupiga usoni huku ng'ombe wanarudi nyumbani. Ni vizuri zaidi kufanya mzunguko wa Kayenze asubuhi na kumalizia jioni mjini, umesimama karibu na Jiwe la Bismarck na pikipiki imezimwa.

7. Hesabu mafuta nje ya programu

Alama ya sheli kwenye ramani siyo petroli. Sheli inaweza kuwa imefungwa, imeishiwa, au haijafunguliwa kabisa. Kwenye barabara kuu ya Musoma miji haiko mbali mbali: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda. Ukiingia njia za ufukweni utaanza kuona petroli ya chupa mbele ya maduka, na hiyo ni ya kukuokoa, siyo ya kuipangia. Ijue pikipiki yako inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, zidisha kwa ujazo wa tenki, kisha panga kujaza kabla hujatumia theluthi mbili.

8. Pakua ramani, hamisha njia, kisha zima mtandao ukiwa nyumbani

Pakua ramani ya Tanzania kwenye programu yako ya kukuongoza. Hifadhi pia eneo lote kwenye Google Maps, kuanzia Geita hadi Musoma kama unaweza, ili uwe na majina ya maduka.

Ukitoa faili la GPX, zingatia tofauti hii, kwa sababu ndiyo chanzo cha nusu ya maswali ninayopata. Faili linaweza kubeba vituo tu, au linaweza kubeba mstari mzima hatua kwa hatua. Likibeba vituo tu, programu ya pili itakokotoa njia upya kwa akili yake, na utajikuta umerudishwa barabara kuu. Chagua mstari mzima. Kwenye OsmAnd fungua faili na uchague kulifuata kama njia. Kwenye Organic Maps mstari utaonekana kwenye ramani ukiwa na rangi, na utaufuata kwa macho. Kwa njia isiyo na makutano mengi hilo linatosha kabisa.

Kisha weka simu kwenye hali ya ndege, washa kipimo cha mahali, na ujaribu. Simu inapata mahali ulipo kutoka setilaiti, haihitaji bando. Mtandao huisaidia tu kupata mahali haraka pale inapoanza. Kama programu inagoma kukuchorea njia ukiwa sebuleni bila mtandao, itagoma pia Kayenze.

9. Funga simu vizuri, kisha usiiguse

Mtetemo wa injini unaweza kuharibu kamera za simu. Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021 kwa simu zao zenye kamera inayojituliza. Kama simu yako ni ya gharama, tumia holda yenye kizuia mtetemo au iweke mfukoni na usikilize sauti tu. Mimi natumia simu ya zamani isiyo na laini, yenye ramani peke yake, na simu yangu kuu inabaki ndani ya begi ikiwa na chaji kamili kwa dharura.

Ukitaka kubadilisha chochote, simama kando ya barabara, weka stendi, ndipo ubonyeze. Sekunde tatu kwenye mwendo wa 60 ni mita 50 umeendesha bila kuona.

10. Uliza kijiweni kabla ya kuiacha lami

Programu ya mwisho ni watu. Pale unapoacha barabara kuu kuna kijiwe cha bodaboda. Simama, vua kofia, salimia. "Mwangaluka" ya asubuhi inafungua mazungumzo kwa Msukuma yeyote, na kwa mzee anza na shikamoo.

Usiulize "barabara ni nzuri?" Utaambiwa "nzuri tu, nenda," kwa sababu wao wanapita na mzigo wa dagaa kila siku. Uliza maswali yenye majibu: "Jana mvua ilinyesha huko mbele?" "Gari dogo linapita?" "Kalavati lipo au tunapita ndani ya maji?" "Mwalo wa karibu unaitwaje?" Wakikutajia jina, liandike kwenye ile karatasi kama wanavyolitamka wao.

Mwaka juzi ramani ilinionyesha njia safi kabisa ya kukata kutoka barabara kuu kwenda ufukweni, kilomita 6 tu. Sikuuliza mtu. Nilifika kwenye kijito ambacho daraja lake la miti lilikuwa limeondoka na maji, na nikageuza pikipiki kwenye tope kwa karibu saa nzima, peke yangu. Niliporudi barabarani, mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo aliniambia daraja hilo halikuwepo tangu masika yaliyopita. Nilikuwa nimepita mita 10 mbele yake wakati wa kwenda.

Ukikwama

*Programu inakulazimisha urudi nyuma.* Umekosa kituo cha kati. Usitii. Simama, kiruke au kifute kituo hicho, kisha endelea mbele.

*Mshale umeganda, pikipiki inakwenda.* Simu imewasha hali ya kuokoa betri na inaizima GPS kioo kikizimika. Nenda kwenye mipangilio ya betri na uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kikomo. Fanya hivyo nyumbani, maana kila aina ya simu imeficha mpangilio huo mahali pake.

*Kioo kinazimika chenyewe mchana.* Simu imepata joto. Punguza mwanga, itoe kwenye jua, na usiichaji huku ramani ikiwa imewaka saa sita mchana. Tegemea sauti.

*Chaja inaonyesha inachaji lakini asilimia zinashuka.* Chaja yako haitoi umeme wa kutosha, au waya umelegea kwa mtetemo. Badilisha waya kwanza, ni rahisi kuliko chaja.

*Jina la kijiji halipatikani.* Jaribu tahajia nyingine, tafuta jina la kata au shule ya msingi ya pale. Isipowezekana, tafuta mahali hapo kwa macho kwenye setilaiti, bonyeza na ushikilie, kisha hifadhi hiyo alama na uipe jina lako.

*Programu mbili zinapingana.* Angalia ipi inalijua daraja la Busisi na ipi ilikuvusha Kayenze vizuri. Hiyo ndiyo ya kusikiliza. Zikiwa zote zilifaulu, fuata barabara yenye alama za matairi mapya.

*Barabara ipo ila ramani haina.* Washa kurekodi njia kwenye OsmAnd au Organic Maps na uendelee taratibu, ili uweze kurudi kwa mstari ule ule. Ukifika nyumbani, fungua akaunti ya OpenStreetMap na uichore barabara hiyo, uandike kama ni lami au udongo, na jina la mwalo kama ulivyolisikia kijiweni. Kwenye Organic Maps unaweza kuongeza duka la fundi au sheli moja kwa moja kutoka kwenye simu. Atakayepita baada yako akisasisha ramani yake, ataikuta.